Usiku wa Panama: Mjini nilichunwa buzi, ufukweni nikafungwa kamba

Msomaji wangu, baharia yeyote akirudi nyumbani lazima aulizwe maswali mawili kijiweni. La kwanza: umekuja na nini? La pili huulizwa kwa sauti ya chini, wakishahakikisha hakuna mtu mzima karibu: vipi huko, usiku kukoje?

Mimi nilirudi Keko na begi moja na kiatu kimoja cha mguu wa kushoto, kwa hiyo swali la kwanza lilijijibu lenyewe. La pili nimelikwepa kwa muda mrefu. Wanaonisoma hapa wananijua, nikikosa meli naandika, na nikikosa cha kuandika natafuta meli. Leo nimekosa vyote viwili, basi naeleza. Ila nina ombi moja. Mama, kama gazeti hili litakufikia, tafadhali ruka hadi pale tunapofika kisiwani, uanzie hapo.

Ilikuwa Januari 2024. Meli yetu ya mizigo, mimi nikiwa msaidizi wa jikoni, ilitia nanga upande wa Bahari ya Pasifiki ikisubiri zamu ya kupita kwenye Mfereji wa Panama. Na zamu yenyewe ilikuwa kasheshe. Mvua za mwaka 2023 zilikuwa haba, Ziwa Gatún linalolisha mfereji likapungua, na wakubwa wa mfereji wakapunguza meli zinazopita kwa siku, maana kila meli ikipita maji matamu ya ziwa humwagika baharini. Ukitazama dirishani usiku unaona taa za meli zimetapakaa majini kama mji mwingine. Mkataba wangu ukaisha tukiwa pale pale. Wakala akatushusha watu watatu, akatuweka kwenye hoteli ndogo mjini tusubiri tiketi za ndege. Tiketi zikasemwa zitatoka kesho. Zilitoka baada ya siku tisa.

Siku tisa, kijana wa miaka ishirini na kitu, mshahara mfukoni, Panama. Wewe ungefanyaje?

Mmoja wa wale watatu alikuwa mpishi mkuu, bosi wangu, Mfilipino wa umri wa kunizaa. Melini wote tulimwita Kuya, ambalo kwao ni neno la kumwita kaka mkubwa. Kuya ameingia bandari nyingi kuliko daladala nilizopanda mimi. Siku tuliyofika, kabla hata ya kuoga, alitoka akatafuta duka la kutuma pesa, akatuma zote kwao, akabaki na dola 60 za kulia. Kisha akanigeukia. "Wewe umetuma?" Nilikuwa na dola 300 taslimu. Kati ya hizo, 250 zilikuwa za ada ya mdogo wangu wa kike anayesoma uuguzi, zaidi ya laki sita za kwetu. Nikamjibu nitatuma kesho.

Kuna jambo la Panama ambalo mgeni lazima alijue. Pesa yao inaitwa balboa, lakini ni sarafu tu. Noti ni za dola ya Marekani, na balboa moja ni dola moja tangu mwaka 1904. Kwa hiyo huendi kubadilisha popote, hupigi hesabu yoyote, dola inatoka mfukoni kama ilivyo. Mtu wa kwetu akibadilisha pesa huwa anapata muda wa kujifikiria. Pale huo muda haupo.

Ukiutazama mji wa Panama usiku kutoka baharini unaweza kudhani nahodha kakosea njia kakufikisha Dubai. Maghorofa yamesimama ufukweni yanawaka, na moja limejinyonga kuanzia chini hadi juu, wenyeji wanaliita El Tornillo, yaani skrubu. Mbele yake kuna barabara ya pwani, Cinta Costera. Jua likizama, kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, maana Panama iko karibu na mstari wa Ikweta kama sisi, nusu ya mji inahamia pale. Wazee wanatembea, vijana wanaendesha baiskeli, watoto wanalamba barafu ya kusagwa iliyomwagiwa sharubati na maziwa ya kopo. Hakuna kiingilio. Mwisho wake kuna soko la samaki, Mercado de Mariscos, na hapo wanauza seviche kwenye kikombe cha plastiki. Ni samaki mbichi aliyekatwa vipande akaivishwa kwa ndimu, na vitunguu juu yake. Mwanzoni unasitasita. Ukishameza kipande cha kwanza unatafuta cha pili. Nilimaliza vikombe viwili na bia baridi ya Balboa, nikashiba, na mfukoni zikabaki dola karibu zote. Kama ningekwenda kulala wakati ule, leo ningekuwa naandika habari za michezo.

Ukitoka sokoni hatua chache tu unaingia Casco Viejo, mji mkongwe. Ulianza kujengwa mwaka 1673, baada ya mji wa kwanza kuvamiwa na haramia Henry Morgan mwaka 1671 na kuteketea. Mtu wa Unguja akiingia mle hatapotea. Vichochoro vyembamba, kuta nene, roshani zinazoning'inia barabarani. Umoja wa Mataifa uliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997, Mji Mkongwe wa Unguja ukafuata 2000. Tofauti ni kwamba Casco kila paa ni baa. Unapanda ngazi unahema, ukifika juu unapokelewa na upepo wa bahari na tarumbeta za salsa.

Na salsa, ndugu zangu, kule si mchezo. Huo ndio mji aliozaliwa Rubén Blades mwaka 1948. Mwanamuziki huyo aligombea urais mwaka 1994 akakosa, halafu akashika uwaziri wa utalii kuanzia 2004 hadi 2009. Sisi wanamuziki wetu tunawapa kura za wimbo bora tu. Wapanama wanapocheza hawarukiruki. Miguu inafanya kazi, kiuno kinafanya kazi, lakini mabega yametulia kama ya mwanamke aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Nilijaribu. Dada mmoja mtu mzima alinishika mabega kwa mikono miwili akanituliza kama anavyotuliza mtoto mwenye homa, akanirudisha kwenye kiti changu. Sikuchukia. Bia ile niliinywa kwa saa mbili, na usiku ule mzima haukunimalizia dola 20.

Niseme pia kwamba teksi ikikosea kona mbili tu kutoka Casco unaingia El Chorrillo, na sura ya mji inabadilika. Huko ndiko kwao bondia Roberto Durán, Mikono ya Mawe, yule aliyempiga Sugar Ray Leonard kwa pointi mwezi Juni 1980. Ni mtaa wa walalahoi. Majeshi ya Marekani yalipoivamia Panama Desemba 1989, nyumba nyingi za pale ziliungua. Kutoka kwenye mapaa ya Casco, glasi mkononi, unaziona taa zake. Watalii wengi hawaulizi ni za wapi.

Sasa tufike kwenye balaa lenyewe.

Alhamisi nikamwambia Kuya twende kwenye ukumbi wa maana. Yule kijana wa mapokezi hotelini alikuwa ameutaja mmoja, upande wa maghorofa, ambako watoto wa mjini wanajimwaga. Jina lake silitaji. Tulifika saa nne na nusu usiku. Nilikuwa nimepiga shati jeupe, jinzi safi na raba zangu za kazini nilizozisugua kwa dawa ya meno. Mlangoni kuna baunsa mmoja ana shingo pana kama paja. Akanitazama kuanzia raba kwenda juu, polepole, kama mtu anayesoma bei ya kitu asichotaka kununua. Kisha akanyoosha kidole kwenye kibao kilichobandikwa ukutani. *Derecho de admisión.* Kuya, ambaye Kihispania kinampandapanda, akanitafsiria: haki ya kuchagua nani aingie.

Nikasema labda ni raba. Wakati nimesimama pembeni nikijifanya napiga simu, wakaja vijana watatu wa Kizungu, kaptula, kandambili miguuni, mmoja bado ana mchanga kwenye vifundo. Baunsa akafungua kamba, wakapita, na mgongoni akawapiga kofi la kirafiki.

Kuya akacheka. Si kwamba aliona raha, alicheka kama mtu aliyeiona filamu hiyo tayari. "Twende tukale," akasema. Nikaenda, lakini chakula hakikupita. Usiku ule sikulala. Watu wengi wakisikia mkasa wangu wanadhani ni pombe. Hasira ndiyo iliyonila. Nililala chali natazama feni nikijiambia, mimi? Kandambili?

Asubuhi Kuya akauliza, "Umetuma?" Nikamwambia kesho.

Ijumaa mchana nikanunua viatu vya ngozi, vyeusi, vyenye ncha, dola 35. Yule kijana wa mapokezi akanipa siri ya mji: dawa ya ule mlango ni meza. Ukisema unataka meza, yaani unalipia sehemu ya kukaa pamoja na chupa moja, hakuna anayekutazama miguu. Dola 120. Nikasema moyoni, nitanunua hiyo meza, nitakaa saa moja, nitamtazama baunsa machoni, nitaondoka. Kuya nilimwambia naumwa kichwa.

Baunsa alikuwa yule yule. Niliposema neno meza akatabasamu meno yote, akanifungulia kamba, akaniita *caballero*, bwana mkubwa. Na mimi, msomaji, nakiri aibu yangu hapa, nilisikia raha mpaka kwenye uti wa mgongo.

Ndani kulikuwa bomba, siwezi kukudanganya. Taa za kukatakata, moshi, dijei juu kabisa kama padri kwenye mimbari, na mdundo wa regetoni unaoingilia kwenye nyayo. Chupa yangu ikaletwa na dada wawili, imechomekwa fataki inayorusha cheche, ukumbi mzima ukageuka kutazama ni pedeshee gani huyo. Pedeshee mwenyewe ndiye mimi, muosha masufuria. Haikupita dakika kumi wakaja vimwana wanne na mshikaji wao mmoja, wakauliza kama viti vina watu. Kihispania changu kilikuwa maneno sita, na manne kati ya hayo yalikuwa ya jikoni. Nikatingisha kichwa. Kila nilichoulizwa usiku ule nilikijibu kwa kutingisha kichwa na kucheka. Mhudumu akaja akaniinamia sikioni, nikatingisha kichwa. Kumbe nimekubali chupa ya pili.

Tulicheza. Walinifundisha hata jinsi ya kushika mkono. Mmoja alinipiga picha kwa simu yake ambayo sijaiona mpaka leo. Kwenye saa nane bili ikaja ndani ya kijitabu cha ngozi, na taa ilikuwa hafifu kiasi kwamba ilinibidi niisome kwa mwanga wa simu. Dola 236. Meza, chupa ya pili, soda za kuchanganyia, barafu na huduma. Barafu! Nikahesabu noti chini ya meza, mikono inatetemeka, nikalipa. Nilipoinua kichwa wale jamaa walikuwa wameshahamia meza ya tatu kutoka kwangu, na huko nako cheche zinaruka.

Sitaki mtu aseme nilitapeliwa. Hakuna aliyeniibia hata senti. Waliuliza nikakubali, wakamiminiwa wakanywa. Kwetu tunaita kuchunwa buzi, na buzi mwenyewe nilikwenda machinjioni kwa miguu yangu, tena nimenunua viatu vya kuendea.

Nilitoka saa tisa nikiwa na dola 9. Baunsa akaniambia karibu tena.

Teksi za Panama ni za njano na hazina mita, mnapatana bei kabla hujakaa. Nilimwinamia dereva dirishani nikamwambia kwa Kiingereza kwamba nina dola tisa na mambo yangu ni mabaya. Alikuwa mzee mweusi, kofia ya majani kichwani, na Kiingereza alichonijibu kilikuwa cha visiwani, kile cha kuvuta maneno kama Mjamaika. Akasema panda kijana wangu. Njiani akaniuliza ni mlango gani ulionila. Nilipoutaja akapiga mluzi.

Babu yake alitoka Barbados kuja kuchimba mfereji. Wamarekani walichimba kuanzia 1904, mfereji ukafunguliwa Agosti 1914, na wachimbaji wengi walikuwa watu weusi kutoka visiwa vya Karibea. Malipo yalikuwa ya mafungu mawili. Wamarekani weupe waliandikwa kwenye daftari la dhahabu, weusi kwenye daftari la fedha. Maduka mbali, vyoo mbali, mishahara ndiyo usiseme. Hesabu rasmi ya waliokufa katika miaka ile ya Wamarekani ni 5,609, na wengi wao walikuwa hao wa daftari la fedha. Mfereji wenyewe Wapanama walikabidhiwa tarehe 31 Desemba 1999.

"Sheria tunayo," mzee akasema. Na kweli ipo, ni Sheria namba 16 ya mwaka 2002, inayosimamia hiyo haki ya kuchagua nani aingie na kukataza ubaguzi milangoni. "Lakini saa nne za usiku, wewe na baunsa, hiyo sheria utaitoa mfuko gani?"

Hakunipeleka hotelini. Alinipeleka Río Abajo, mtaa wa watu wa ukoo wake, ambako kulikuwa na genge bado linakaanga. Akaninunulia samaki, na ndizi mbichi zilizopondwa zikakaangwa mara mbili, wenyewe wanaziita patacones, na pembeni wali. Nikachota kijiko. Nikakisimamisha mdomoni. Wali ule ulikuwa umepikwa kwa tui la nazi na maharage. Nimekula wali huo tangu nina meno mawili. Mzee akaniuliza kama kuna mwiba. Nikasema hapana.

Spika ya genge ilikuwa inapiga rege ya Kihispania ya zamani, na mzee akanifungua macho. Mdundo niliolipia dola 236 ule, mizizi yake iko mitaa kama hii. Wajukuu wa wachimba mfereji ndio walioanza kuimba rege kwa Kihispania, kina Nando Boom na El General, aliyevuma sana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kanda zao zilichezwa kwenye mabasi yaliyoitwa *diablos rojos*, mashetani mekundu, mabasi ya shule ya Kimarekani yaliyochakaa yakapakwa michoro ya kila rangi na kufungwa muziki mnene. Mtu aliyepanda matatu za Nairobi ataelewa. Baadaye Puerto Rico wakauchukua mdundo huo wakauongezea yao, dunia ikauita regetoni. Mabasi yale serikali iliyaondoa mjini polepole ilipoleta mabasi mapya.

Kabla hajanishusha akasema Jumamosi hiyo anakwenda pwani kwao mkewe, upande wa Karibea, nafasi moja ipo nyuma kama sitajali kukaa na kasha la barafu miguuni. Nikasema sina pesa. Akasema amesikia.

Kuya nilimkuta macho. Hakuuliza kama nimetuma. Aliniangalia viatu, akatoa dola 20 kwenye soksi yake, akaziweka mezani, akageukia ukutani.

Mama, anzia hapa.

Kutoka Panama unaelekea kaskazini kuvuka nchi nzima, na hilo halichukui muda, maana bahari hadi bahari kwenye mfereji ni kama kilometa 80 tu. Unakata kulia pale Sabanitas kabla ya mji wa Colón, unafuata pwani hadi Portobelo. Zamani fedha ya Peru ilipakiwa hapo kwenda Hispania, na mizinga bado imeelekezwa baharini, watoto wanaikalia. Kanisani kuna sanamu ya Kristo Mweusi ambayo kila tarehe 21 Oktoba huvuta mahujaji kwa maelfu. Ukizidi kwenda mbele unafika La Guaira, unapanda boti, na dakika chache tu uko Isla Grande.

Kisiwa hakina gari hata moja. Kuna njia ya miguu inayofuata maji, nyumba za rangi rangi, minazi, na Jumamosi kina watu wa mjini waliokuja na makasha yao ya barafu, bibi, watoto na mbwa. Hakuna ukumbi. Ukumbi ni mchanga. Kila banda lina spika yake na kila spika ina wimbo wake, unachagua pa kusimama kulingana na miguu inavyotaka. Bia hazikufika dola mbili. Wazee wanakunywa seco, pombe kali ya miwa, na wako wanaoichanganya na maziwa ya ng'ombe. Nilionja kwa heshima, na kwa heshima hiyo hiyo nikairudisha. Mke wa mzee alikuwa kapika fufú. Usidanganyike na jina, hiyo ni supu ya samaki ya tui la nazi, yenye ndizi na viazi vikuu ndani, wala si ugali wa Waghana. Nilikula mabakuli matatu. Yule mama akawaambia jirani zake kwamba kijana huyu kanyimwa chakula melini, na mimi ndiye mpishi!

Giza lilipoingia nikasikia ngoma. Si spika. Ngoma za mti na ngozi, tatu, na wanawake wanaimba, mmoja anatoa, wengine wanapokea. Nikamwuliza mzee ni nini. Akanijibu neno moja: "Congo."

Basi bwana. Kuanzia tarehe 20 Januari hadi Jumatano ya Majivu, watu weusi wa pwani ile wanacheza mchezo wa Kongo. Ni kumbukumbu ya mababu zao, watumwa waliotoroka kwa Wahispania wakajificha msituni wakajitawala wenyewe. Mwaka 2018 UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia usioshikika. Kuna malkia mwenye taji, na yeye ndiye mwenye amri. Wanawake wana sketi pana za viraka, wako peku. Wanaume wamegeuza nguo ndani nje, nyuso zimepakwa mkaa, kofia zina manyoya, viunoni wamening'iniza chupa na makopo na midoli. Na wanaongea kinyume! Kile kinyume tulichokuwa tunakiongea utotoni ili wakubwa wasielewe, wenzetu walikuwa na chao cha kumficha bwana mwenye watumwa.

Nilikuwa nimesimama nashangaa nilipohisi kitu kiunoni. Kamba. Jamaa wawili wenye mkaa usoni wameshanizungusha mara mbili, wananivuta kwenda kati. Moyo ukanipasuka. Nikasema haya tena, jana kamba ya mlangoni, leo hii. Nikamtafuta mzee kwa macho, nikamwona ameshika mbavu kwa kucheka. Wakanisimamisha mbele ya malkia, mama mnene mwenye jicho kali kama mwalimu wangu wa hesabu. Ilibidi nitoe faini, ndiyo desturi, wanaokamatwa hulipa. Nikapekua mfuko nikijua kilichomo, nikatoa sarafu moja ya balboa. Malkia akaigeuza, akaing'ata, akaipokea. Halafu akauliza natoka wapi.

Nikasema Tanzania. Hawakuijua. Nikasema Afrika. Malkia akanitazama kidogo, akasema kitu, na watu wote waliokuwa pale wakaangua kicheko hadi mpiga ngoma akakosa pigo. Mzee akanisogelea akanitafsiria.

"Anasema, mbona umechelewa?"

Wakanifungua kamba na kunisukuma uwanjani nicheze. Mwanamume anamfuata mwanamke kama anataka kumbusu, mwanamke anamkwepa kwa sketi, na kila akimkwepa watu wanashangilia. Hapo sikuhitaji kufundishwa mabega. Nilivua vile viatu vya ngozi nikavitupa pembeni, nikaingia peku. Nilikwepwa na wanawake wa rika zote, akiwemo bibi mmoja ambaye nadhani alikuwa na miaka themanini, na alinikwepa vizuri kuliko wote. Sijui ilikuwa saa ngapi tulipoacha. Nilipotafuta viatu nikakuta kimoja. Cha kulia kilikuwa mdomoni mwa mbwa, anakimbia nacho kuelekea gizani, na kisiwa kizima kikamwombea dua asikamatwe.

Jumapili, tukirudi, nilipiga simu nyumbani. Kule ilikuwa saa nne asubuhi, kwetu saa kumi na mbili jioni. Mdogo wangu alipokea yeye. Nikamwambia kampuni ya meli imechelewesha malipo. Akasema sawa kaka, usijali, akaniuliza kama nakula vizuri. Nikasema nakula wali wa nazi. Akacheka, akadhani natania.

Ada ile mama aliikopa kwenye kikundi chake cha akina mama, na mimi nilipofika nikaanza kurejesha kidogo kidogo bila kusema kwa nini hasa najisumbua hivyo. Limebaki rejesho moja. Dola 20 za Kuya nilimtumia aliposhukia Manila, na yeye akanijibu kwa neno moja tu na alama ya kuuliza, ambalo nadhani unalijua.

Kiatu cha kushoto kiko juu ya kabati. Mara tatu mama ameniuliza cha pili kiko wapi, na mara zote tatu nimemwambia kilianguka baharini.